Baraza Nililolijenga Nyumba Namba Nne

Wengi wenu mnanicheka kwa sababu nikiingia nyumbani kwa mtu nanusa kwanza, salamu baadaye. Chekeni tu. Katika miaka yote niliyotunza nyumba za kupanga, pua yangu imefanya kazi kuliko pima maji. Nyumba yenye unyevu ina harufu ya gunia la viazi lililosahauliwa uvunguni, na anayeishi humo haisikii tena, ameshaizoea. Anayeisikia ni mgeni, naye kwa adabu zake anakunywa chai na kunyamaza. Mimi adabu hizo sikujaliwa, na nililipwa ili niseme.

Sasa nimestaafu. Nakaa Buhinyuza, magoti yamegoma kupanda ngazi, na kila nikija Gitega nyinyi vijana wa ufundi mnanizunguka na maswali: saruji gani ni nzuri, rangi gani inazuia maji, tufanyeje ukuta ukiota chumvi nyeupe. Nimeona niwaandikie, kwa sababu nikieleza kwa mdomo mnanikatiza. Ila sitaanza na kazi zilizonipa sifa, hizo zilishasifiwa. Nitawaeleza habari ya nyumba namba nne, ambako nilikaribia kumtoa mama mzee nje kwa kosa lililokuwa langu mwenyewe.

Mimi nilikulia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, na kule mtoto wa kike alijua kukanda udongo wa kusiriba kabla ya kujua kusuka nywele. Tuliporudi Burundi, familia yetu ilikwenda Buhinyuza, nami nikafuata kazi Gitega. Hajati Mwanaidi, mfanyabiashara wa vitenge, alikuwa na parseli, yaani kiwanja kimoja, yenye nyumba nane, nne zikitazamana na nne, uwanja mmoja katikati, bomba moja, na kelele za kutosha mji mzima. Kuta zilikuwa za matofali mabichi juu ya msingi wa mawe. Aliniajiri niwe mwangalizi wa nyumba zake: bati likitoboka, mlango ukivimba, mfereji ukiziba, nishughulikie. Yanayonishinda nimwite Mzee Sadiki.

Mzee Sadiki alikuwa fundi mwashi, mwenyeji wa Gitega, mtu mwembamba ambaye sikuwahi kumwona akikimbia, hata mvua ikimkuta njiani. Wiki yangu ya kwanza alinizungusha uwanja mzima akinionyesha kitu kimoja tu: mawe ya msingi. Tofali bichi ni udongo, na udongo hunywa maji. Jiwe halinywi. Ndiyo sababu waliojenga zamani waliinua mawe mpaka karibu na goti kabla ya kuweka tofali la kwanza, ili maji ya ardhini yakipanda yakutane na jiwe na kuishia hapo. Alinisisitizia kwamba siku nitakapokuta mawe hayo yamefunikwa na kitu chochote, nijue ukuta umeshaanza kunywa.

Nililishika somo hilo vizuri mno, kiasi cha kuwa kero. Mnajua jinsi tunavyopenda uwanja uliofagiliwa. Kila asubuhi kila mama anasukuma vumbi kutoka katikati kwenda pembeni, na pembeni ni ukutani. Miaka ikipita, katikati panabonyea na udongo unapanda juu ya mawe. Nilikuwa natembea na koleo nikiwafokea wanawake wa watu kwa ajili ya vumbi la unene wa vidole viwili. Niliwaambia wafagie kwenda katikati, wazoe, wakatupe shimoni. Walikuwa wakiniona natokea getini wananong'ona kwamba mwenye mawe amekuja.

Somo la pili la Mzee Sadiki lilikuwa kioo, na hilo sikulishika. Alikuwa na kipande cha kioo cha dirisha, upana wa kiganja, alichokifunga kwenye kitambaa kama mtu anayebeba saa ya thamani. Ukuta ukilowa, alisema, usikimbilie kuuliza rangi. Futa sehemu ndogo, gandisha kioo kwa udongo wa mfinyanzi pande zote nne, kiache siku mbili. Ukikuta jasho upande wa chumbani, maji yanatoka kwenye hewa: watu wanapika ndani, wanaanika nguo ndani, wameziba matundu. Ukikuta jasho nyuma ya kioo, maji yanatoka ndani ya ukuta. Nilimsikiliza nikitikisa kichwa. Moyoni nilisema mtu mwenye macho na pua kama zangu hahitaji kungoja siku mbili kuambiwa na kioo.

Sasa namba nne. Aliyepanga hapo ni Kapitolina, muuza ndagala, yaani dagaa, sokoni, aliyerudi kutoka Tanzania kama mimi, pamoja na mama yake, Bibi Rejina. Kapitolina alikuwa mtu wa maneno machache na mkono mkarimu. Nikimaliza kazi mchana, alikuwa ameniachia sahani ya maharage na ndizi, na ole wangu nikipita bila kuila. Bibi Rejina alikuwa kinyume chake, anaongea tangu asubuhi. Kifua chake kilikuwa dhaifu, hivyo Kapitolina akienda sokoni majirani walimtazama: mmoja anampa uji, mwingine anamtoa juani, watoto wanamletea habari za mtaa mzima. Bila majirani wale Kapitolina asingeweza kufanya biashara yake.

Siku moja Bibi Rejina aliniambia kwamba kinachomsumbua Gitega si baridi, ni kukosa pa kukaa. Kule Tanzania kila nyumba ilikuwa na baraza la udongo mbele, limeshikana na ukuta. Mtu unaketi, unaegemea, unasalimiana na kila anayepita. Hapa, alisema, mtu anatolewa na kiti cha plastiki na kurudishwa nacho, kama nguo ya kuanikwa. Nilimwelewa sana. Mgongo wangu mwenyewe ulikuwa unalitamani baraza la kwetu.

Kiangazi kile nikamjengea, bila kutumwa na mtu. Nilileta udongo mwekundu, nikaushindilia kwa miguu, nikauinua mpaka juu ya goti, nikaupiga saruji, nikalainisha kwa chupa mpaka ukang'aa. Bibi Rejina alilikalia kabla halijakauka vizuri. Wapangaji wengine wakaanza kuniuliza zamu yao lini, na kama si saruji kuniishia, ningewajengea wote saba. Hata leo nikilikumbuka nashukuru mfuko ule wa saruji ulivyokuwa mdogo.

Nyinyi mlioanza kazi mmeshaona kosa. Mimi sikuliona. Niliyewafokea watu kwa vumbi la vidole viwili nilikuwa nimelundika udongo wa goti zima juu ya mawe ya msingi, ukagusana na matofali, kisha nikauvika saruji ili usikauke kamwe. Kambini mabaraza yetu hayakudhuru, kwa sababu kule jua lilikuwa kali na mvua ya siku moja ilikauka kwa siku mbili. Gitega ni juu, kuna baridi, na mvua ikianza haina haraka ya kuondoka. Nilibeba mazoea kutoka sehemu moja nikayapanda sehemu nyingine bila kuuliza mvua ya huko ikoje.

Mvua zilipoanza, ndani ya namba nne kukatokea doa, upana wa sahani, kando ya kitanda cha Bibi Rejina. Nikalikwangua, nikapiga lipu ya saruji, au sima kama tunavyoiita hapa. Wiki tatu baadaye doa likawa juu ya lipu yangu, kubwa zaidi. Nikapanda nalo. Nilipiga saruji juu ya saruji, nene zaidi, na doa likapanda tena mpaka usawa wa kifua. Siku hizi najua kwa nini: maji yaliyomo ndani ya tofali yanatafuta pa kutokea, ukiyafungia hapa yanapanda pale. Wakati ule nililichukia doa lile kama mtu aliyenitukana.

Nikamaliza kwa rangi ya mafuta. Hapa niwasimulie kidogo kuhusu rangi hiyo, maana najua mnaipenda. Huko Mwakiro, Muyinga, niliwahi kuitwa na baba mmoja aliyekuwa anangojea wakwe, wazazi wa mchumba wa mwanawe, waje kuiona nyumba na kumalizia mazungumzo ya mahari. Ukuta wa sebule ulikuwa umelowa, na alitaka ung'ae kufikia Jumamosi. Nilimwambia hauko tayari, akasema nipake tu, nikapaka kijani kizuri. Jumamosi ndugu walijaa, mirija ikazamishwa kwenye mtungi wa urwarwa, pombe ya ndizi, chumba kikapata joto, na rangi ikaanza kutoa malengelenge nyuma ya kichwa cha mkwe. Moja likapasuka likammwagia maji shingoni. Yule mzee alijifuta, akatazama ukuta, akasema kwa upole kwamba binti yake ataolewa katika familia hii lakini hatalala katika chumba hiki. Ndoa ilifungwa, na baba yule aliacha kunisalimia. Nilijua basi rangi ya mafuta inavyofanya juu ya ukuta ulioloa, na bado nikaipaka kwa Bibi Rejina. Mtu akishakasirika hujua mengi na hatumii hata moja.

Kifua cha Bibi Rejina kikazidi. Muuguzi alimwambia Kapitolina kwamba mama asiendelee kulala kwenye chumba kilicholowa, la sivyo kikohozi hicho hakitamwacha. Nami nilipoishiwa ujanja, nikatafuta wa kulaumu, na sikwenda mbali. Matundu ya hewa juu ya dirisha la namba nne yalikuwa yamezibwa kwa matambara. Siku za mvua Kapitolina alipikia ndani kwa jiko la makaa. Nikaenda dukani kwa Hajati nikamweleza kwamba mpangaji wake anaharibu nyumba kwa mvuke. Sikudanganya, yote niliyosema niliyaona kwa macho yangu. Ila niliacha kutazama mara tu nilipoona kinachonifaa.

Hajati aliniamini, kwa sababu hakuwa na sababu ya kutoniamini. Alimpa Kapitolina mpaka mwisho wa mwezi ahame. Chumba alichokipata kilikuwa ng'ambo ya mji, mlango mmoja unaotazama barabara, bila uwanja na bila jirani anayemjua. Kuhamia huko kulikuwa na maana moja: kumfungia mama yake ndani peke yake kutwa nzima, na kifua kile. Nililijua hilo, na nilijiambia kwamba angalau huko pakavu.

Siku nne kabla ya mwezi kwisha, Kapitolina alinikuta bombani. Hakupandisha sauti.

"Mama Odeta, mvua ikinyesha wote tunapika ndani. Namba tatu anapika ndani, namba tano anapika ndani, na bo pia wameziba matundu juu ya kuzuia mbu. Sasa juu ya nini nyumba yangu peke yake ndiyo iko na maji?"

Nilisema kitu, hata sikumbuki nini, nikaondoka. Mchana ule sahani yangu haikuwapo, na ingekuwapo nisingeweza kuila. Niliingia namba tatu nikapapasa kuta zote, kavu. Namba tano kavu. Nikaenda kumtafuta Mzee Sadiki, ambaye wakati huo alikuwa anafanya kazi kidogo kidogo tu kwa sababu ya macho.

Alikuja na kioo chake kwenye kitambaa. Hakuniuliza kama nimeshakitumia, jambo ambalo liliniuma kuliko kuulizwa. Tulibandua rangi na lipu sehemu ndogo, akakigandisha, akasema atarudi baada ya siku mbili. Siku mbili zile Kapitolina alifunga vyombo.

Aliporudi, upande wa mbele wa kioo ulikuwa mkavu kabisa. Alipokibandua, nyuma yake maji yalichuruzika mpaka kwenye mkono wake. Akaniangalia, akakifuta, akakifunga. Tukatoka nje. Nikajitupa kwenye baraza.

"We Mama Odeta," akasema, "umekaa juu ya nini?"

"Juu ya baraza."

"Na hiyo baraza inaegemea nini?"

Nilihisi saruji ilivyo baridi chini yangu, katikati ya mchana. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena, na naomba nisiione. Mzee Sadiki hakunicheka wala hakunihubiria. Alikaa kando yangu, akaipapasa saruji niliyoilainisha kwa chupa.

"Mi pia niliipita siku mingi," akasema. "Nikasema erega, kweli kabisa, hii baraza ni muzuri. Wote wawili tulikosa. Lakini mwenye kusema kwa Hajati ni we."

Vijana wangu, hapa nataka mnisikilize. Ningeweza kulibomoa baraza lile kimyakimya, nikasema nimeweka udongo mpya, ukuta ukakauka, sifa zangu zikabaki. Hilo lingechukua miezi, na Kapitolina alikuwa na siku mbili. Angehama akiwa na jina la mchafu aliyeharibu nyumba, nami ningempangishia mtu mwingine nyumba kavu. Nililifikiria, sitajifanya kwamba sikulifikiria. Nilitembea kutoka mtaani mpaka dukani kwa Hajati nikilifikiria njia nzima.

Nilimwomba aje kwenye parseli, kwa sababu sikutaka kusema dukani halafu yafike kwa Kapitolina yakiwa nusu. Alikuja na mwavuli wake. Kapitolina alikuwa mlangoni, sufuria zimefungwa kwa kamba, godoro limekunjwa, Bibi Rejina ameketi juu ya baraza akiwa amejifunika kitenge mpaka masikioni. Nikaeleza yote mbele yao: mawe, udongo, saruji, kioo. Mvua ya manyunyu ilikuwa inaanguka na hakuna aliyeingia ndani.

"Donc, kumbe," akasema Hajati, "kutoka mwanzo wa mwezi uko unaniambia ni jiko."

"Ndiyo, Hajati."

"Na haikuwa jiko."

"Jiko liliongeza kidogo. Lakini maji nimeyaleta mimi."

Kisha akamgeukia Kapitolina, akamwambia, "Fungua hizo sufuria, mwanangu. Unisamehe." Kwangu hakusema kitu zaidi ya kwamba tutaongea ukuta ukishakauka.

Kapitolina hakunishukuru, na hakuwa na sababu. Aliinama akaanza kufungua kamba. Alipofika sufuria ya pili akasema bila kuniangalia, "Ulikuwa unakula kwangu, Mama Odeta. Na ukaenda kusema." Neno lile niliondoka nalo, nikalala nalo.

Ukuta wa tofali bichi uliokunywa maji msimu mzima haukauki kwa kuombwa. Unahitaji kiangazi kizima, impeshi kama tunavyoiita hapa, na Bibi Rejina hakupaswa kulala humo hata usiku mmoja. Nikamchukua kwangu. Nilikuwa na chumba kimoja na kitanda kimoja, nikampa kitanda. Niwaambie ukweli, kuishi na Bibi Rejina ni kazi kuliko kupiga lipu. Aliupanga upya mchele wangu, sabuni yangu na maisha yangu. Aliniambia ninapika kama mwanamume na nakoroma kama wawili. Mchana nilimrudisha kwenye parseli kwa majirani zake, jioni namchukua. Kapitolina alikuja kila jioni kumwona, akakaa naye, akacheka naye. Mimi alinisalimia jinsi watu wanavyomsalimia polisi.

Siku ya kubomoa baraza, Bibi Rejina ndiye aliyekasirika kuliko wote. Alisimama na fimbo yake akasema tunabomoa kitu pekee kizuri kwenye parseli hii. Nilimweleza habari ya maji, akasema anajua habari ya maji, kifua ni chake, lakini bado ni baraza lake. Alikuwa na haki. Kumbukeni hilo mnapokwenda kurekebisha nyumba ya mtu. Kinacholeta unyevu mara nyingi ni kitu ambacho mtu anakipenda au anakihitaji. Tambara kwenye tundu la hewa linazuia mbu. Jiko ndani linampasha mtoto joto. Ukiondoa bila kuleta kingine, ukigeuza kisogo kinarudi, na ni sawa kirudi.

Basi tulifanya hivi. Tuliondoa udongo wote mpaka mawe ya msingi yakaonekana tena, yakiwa yameota kijani. Mbele yake tukachimba mfereji mwembamba, tukajaza kokoto ili matone ya bati yasirushe matope ukutani. Ndani nilibandua saruji yangu yote kwa patasi, mimi mwenyewe, na kila kipande nilikijua nilikipiga siku gani. Matofali ya chini yalikuwa yamelainika kama ugali uliolala, tukayabadilisha mawili mawili, tukingoja mapya yashike kabla ya kugusa yanayofuata. Kisha tukaacha. Jirani mmoja alishauri tuwashe majiko ya makaa ndani ili yakauke upesi. Msifanye hivyo kamwe. Ukuta unakauka nje unapasuka, ndani bado maji. Fungua dirisha, fungua mlango, nenda kafanye kazi nyingine.

Kila baada ya wiki mbili nilikigandisha kioo. Mzee Sadiki alikuwa amenipa kile chake, akisema macho yake hayaoni tena jasho dogo. Mara ya kwanza kilitoka kimelowa nyuma, mara ya pili pia. Mara ya tatu kilikuwa na ukungu tu. Mwishoni mwa kiangazi kilitoka kikavu pande zote, nikakigeuzageuza juani nikiwa siamini. Hapo ndipo tukapiga lipu ya udongo na mchanga, na juu yake chokaa, ambayo inauacha ukuta upumue. Kwenye matundu ya hewa tukaweka wavu wa waya, nyumba zote nane, na matambara yakatoka yenyewe bila mtu kufokewa. Hajati akaezeka kibanda cha bati pembeni mwa uwanja ili watu wapikie hapo siku za mvua. Alisema anafanya hivyo kwa ajili ya nyumba zake, na wapangaji walimshukuru kwa ajili ya macho yao, yaliyopumzika na moshi.

Baraza nalo nikalirudisha, ila la mbao, lenye miguu minne na egemeo, limesimama mbali na ukuta kiasi cha ufagio kupita nyuma yake. Bibi Rejina alilikalia, akasema mbao ni ngumu na fundi ni mbaya. Kesho yake nilimkuta hapo tangu asubuhi, amekusanya nusu ya mtaa. Siku hizi kila parseli ninayopita, kuanzia Buraza mpaka Muyinga mjini, nikikuta benchi limeachana na ukuta, nafurahi kupita kiasi, watu wanadhani nimepandwa na wazimu.

Mvua zilirudi. Bibi Rejina alisharudi kwake, na Hajati alishaongea nami kama alivyoahidi, maneno matatu tu, kwamba niendelee na kazi. Nilikuwa nikipita namba nne kila siku natazama ukuta kwa nje, nikiogopa kuingia. Mvua kubwa, ile ya kunyesha bila kupumua, ilikuja wiki ya tatu. Ilianza jioni, na asubuhi ilikuwa bado inapiga mabati. Simu ikalia. Ilikuwa mara ya kwanza Kapitolina kunipigia tangu siku ya sufuria.

"Mama Odeta, kuja."

Hakusema zaidi, na simu ikakatika. Nilikwenda bila mwavuli, kiatu kimoja kikabaki kwenye matope nikakiacha. Njia nzima niliona doa, niliona saruji, nilimwona Bibi Rejina amebebwa. Kapitolina alikuwa ananisubiri mlangoni, kidole mdomoni. Akanishika mkono akaniingiza.

Bibi Rejina alikuwa amelala. Alijibana ukutani kabisa, uso wake umegusa chokaa, mdomo wazi, anakoroma polepole bila kukohoa.

"Akisikia mvua kubwa alikuwa anaamka, anakaa katikati ya kitanda anangoja mpaka iache," Kapitolina akanong'ona. "Usiku aliisikia. Akageuka ile upande ya ukuta, akalala tena. Mi ndiye sikulala. Nilikuwa namwangalia tu."

Nililia, na sioni haya kuwaambia. Tulisimama pale wawili, mimi nikidondosha maji ya mvua kwenye sakafu niliyotakiwa kuitunza. Kisha Kapitolina akanivuta nje ya chumba, akarudishia mlango taratibu, akanitolea kiti, akaniuliza kama nimekunywa chai. Nikamwambia bado.